Daktari Aliyeuliza Mtoto Anatoka Wapi

Mkazi anayefika hospitalini na mgonjwa huulizwa maswali mengi kabla ya kumwona daktari. Jina? Umri? Kijiji? Kata ndogo? Wadi? Nambari ya simu? Mzazi aliyebeba mtoto mwenye homa huona kuwa anacheleweshwa bure, na wapo wanaomjibu karani lolote linalokuja mdomoni mradi foleni isonge.

Ipo saratani moja ya watoto ambayo siri yake ilifichuliwa na swali hilo hilo la karani: mtoto huyu anatoka wapi? Aliyelishikilia swali hilo ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka isiyopungua 18. Saratani yenyewe ingali inawapata watoto wa kaunti za Ziwa Victoria na za Pwani ya Kenya, na inaitwa kwa jina lake: limfoma ya Burkitt.

Mtoto wa mhandisi wa kaunti

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa Kaunti ya Fermanagh, mtu wa barabara na madaraja. Saa za mapumziko alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara. Aliwanasa ndege wadogo wa bustanini kwake, akawavisha pete miguuni ili amtambue kila mmoja, kisha akachora ramani inayoonyesha ndege yupi anamiliki kipande kipi cha bustani. Wataalamu wa ndege humtaja hadi leo kwa kazi hiyo. Kwa hivyo mwanawe alikulia katika nyumba ambamo kuweka alama kwenye ramani lilikuwa jambo la kawaida.

Akiwa na miaka 11 Denis alipoteza jicho la kulia katika ajali. Alipoingia chuo kikuu cha Trinity mjini Dublin alianza na uhandisi kama baba, kisha akahamia udaktari na kufuzu mwaka wa 1935. Alipoomba kazi katika makoloni ya Afrika alikataliwa mara ya kwanza, kwa kuwa wakubwa hawakuamini kwamba mpasuaji mwenye jicho moja angefaa. Vita Vikuu vya Pili vikamleta kwa njia nyingine. Alitumikia jeshi la Uingereza kama daktari, sehemu ya muda huo akiwa hapa Kenya, na vita vilipokwisha akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, mwaka wa 1946.

Huko Lira aliwapasua wanaume wengi wenye busha. Ugonjwa huo watu wa Pwani wanaujua vizuri, na wanajua pia kwamba hauzungumzwi hadharani. Burkitt alianza kuandika kila mgonjwa alikotoka. Baada ya muda akaona jambo la kushangaza: mashariki mwa wilaya ya Lango busha zilikuwa tele, magharibi yake zilikuwa haba. Watu walikuwa wa kabila moja, chakula kimoja na hospitali moja. Tofauti ilikuwa vimelea wa matende wanaoenezwa na mbu, ambao walikuwa wengi upande mmoja na wachache upande wa pili. Huu ndio uliokuwa utafiti wake wa kwanza wa ramani, na haukumgharimu ila wino.

Uvimbe uliokuwa na majina mengi

Mwaka wa 1957 Burkitt alikuwa amehamia hospitali ya Mulago, Kampala. Siku moja daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mdogo aliyevimba taya pande zote nne: juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Kama ni usaha, mbona pande nne kwa mpigo? Kama ni saratani, saratani ya taya kwa kawaida huanza mahali pamoja.

Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Akiwa wodini alitazama nje ya dirisha, akamwona mtoto ameketi na mama yake, uso umevimba vile vile. Alitoka akampima. Mbali na taya, tumboni nako mlikuwa na uvimbe. Mtoto wa kwanza angeweza kupita kama kioja, lakini wa pili alimfanya Burkitt arudi Mulago na kufungua mafaili.

Mulago ilikuwa na hazina ambayo hospitali nyingi za Afrika wakati huo hazikuwa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, profesa wa patholojia Jack Davies alikuwa ameanzisha sajili ya saratani, yaani daftari linaloandika kila mgonjwa wa saratani anayegunduliwa Kampala. Burkitt alipopekua kumbukumbu aliwakuta watoto wengi waliokufa kwa uvimbe, ila kila mmoja ameandikwa kwa jina lake. Huyu ana saratani ya taya, yule ya figo, mwingine ya ini, mwingine ya jicho. Walipowekwa pamoja ikaonekana kwamba mtoto mwenye uvimbe wa taya mara nyingi alikuwa na uvimbe wa tumbo pia. Ulikuwa ugonjwa mmoja, umegawanywa katika mafaili mengi.

Mwaka wa 1958 Burkitt aliandika makala kuhusu watoto 38. Naye Greg O'Conor, mwanapatholojia Mmarekani aliyekuwa Kampala, alizichunguza seli kwa hadubini na kuonyesha kwamba ni limfoma, saratani ya seli za kinga ya mwili. Karibu nusu ya saratani zote za watoto katika sajili ya Kampala zilikuwa za aina hii. Ugonjwa ulikuwepo siku zote mbele ya macho ya madaktari, lakini kwa sababu ulivyoandikwa, hakuna aliyeuona.

Pauni 25 na ramani ya ukutani

Mgeni kutoka Afrika Kusini, Dakta George Oettlé, alimwambia Burkitt kwamba kwao uvimbe huo hawauoni. Hapo ndipo swali la Lira lilipomrudia: unaanzia wapi, na unaishia wapi?

Serikali ilimpa pauni 25 za utafiti. Hata kwa enzi hizo zilikuwa fedha za kuchekesha. Alizitumia kuchapisha karatasi zenye picha za watoto wenye uvimbe na maswali mafupi, akazituma kwa posta kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Kila jibu la ndiyo lilipofika alichomeka pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Pini zikaongezeka, na ukajitokeza mkanda mpana unaokatiza katikati ya Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, wenye mkia unaoteremka kufuata pwani hadi Msumbiji.

Ndani ya mkanda huo palikuwa na mapengo. Nyanda za juu za Kenya, kwa mfano, hazikuwa na wagonjwa, ilhali kando ya Ziwa na Pwani walikuwako. Je, ni kweli huko juu ugonjwa haupo, au ni daktari aliyeshindwa kujibu barua?

Kulijibu hilo, Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala na gari kuukuu aina ya Ford walilolinunua kwa pauni 250. Walisafiri majuma 10, wakapita maili 10,000 hivi hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Kila walikofika walitoa picha zao, wakauliza, wakaandika. Hawakubeba mtambo wowote wa maabara.

Waliporudi ilionekana kwamba karibu na ikweta ugonjwa hukoma kwenye mwinuko wa futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500, lakini kadiri wanavyokwenda kusini ulikoma kwenye mwinuko wa chini zaidi. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu wa taasisi ya virusi ya Entebbe, ndiye aliyeng'amua maana yake. Kilichoweka mpaka kilikuwa baridi, si mlima wenyewe. Pale ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 za Selsiasi, au mvua ni chini ya sentimita 50 kwa mwaka, uvimbe haupo. Na mtu yeyote aliyeishi Afrika Mashariki angejua ni nani asiyependa baridi na ukavu: mbu.

Ramani sahihi, tafsiri yenye kasoro

Mwezi Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo mtafiti kijana wa virusi, Anthony Epstein. Aliposikia juu ya saratani inayofuata hali ya hewa, alishuku papo hapo kwamba kuna kiini kinachoambukiza. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinapelekwa London kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester. Kilipomfikia kilikuwa kimechelewa na maji yake yamechafuka. Badala ya kukitupa alichungulia kwenye hadubini, akaona kwamba uchafu ule ni seli hai za uvimbe zilizobanduka na kuelea. Yeye na Yvonne Barr waliziotesha seli hizo maabarani, na mapema 1964, pamoja na Bert Achong, waliona virusi ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Ni virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Watu wengi wakadhani kitendawili kimeteguliwa: mbu anabeba virusi, virusi vinaleta saratani. Haikuwa hivyo. Ilibainika kwamba virusi hivyo vipo duniani kote, huenezwa kwa mate, na zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 wanavyo mwilini bila kuugua saratani yoyote. Sasa ramani ilikuwa ikionyesha nini? Mnamo 1964 mwanasayansi Gilbert Dalldorf alipendekeza jibu ambalo limeendelea kupata ushahidi: ramani ya Burkitt ilikuwa ramani ya malaria. Mahali ambapo mtoto huumwa malaria kali mwaka mzima, tena na tena, ndipo uvimbe huu unapotokea.

Jambo hili linafaa kukumbukwa kila takwimu za afya zinapotangazwa. Pini ukutani zilikuwa sahihi, na maelezo ya kwanza ya pini hizo yalikuwa na kosa. Kwa kuwa data ilihifadhiwa vizuri, wengine waliweza kuirudia na kuisoma upya.

Utafiti uliofuata ulikuwa mkubwa zaidi. Katika wilaya ya West Nile, Uganda, kuanzia 1972 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 waliokuwa wazima, wakaihifadhi, wakasubiri. Watoto wachache walipougua baadaye, damu yao ya awali ilitolewa na kulinganishwa na ya wenzao. Waliougua walikuwa na dalili za maambukizi mazito ya virusi vile miezi au miaka kabla ya uvimbe. Kazi kama hiyo haiwezekani kama hujui kila mtoto ni nani na anaishi boma gani.

Kuhusu kinachotokea ndani ya seli, maelezo yake kwa ufupi ni haya. Mwili una seli zinazotengeneza kingamwili. Virusi vya Epstein-Barr hujificha ndani ya seli hizo na kuzifanya ziishi muda mrefu. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli zizaane ovyo na hudhoofisha ulinzi ambao ungezidhibiti. Katika vurugu hiyo kromosomu ya 8 na ya 14 zinaweza kukatika na kubadilishana vipande. Jeni iitwayo MYC, ambayo huamuru seli kugawanyika, hujikuta mahali ambapo haizimwi tena. Kosa hilo lilibainishwa na watafiti mwaka wa 1982. Uvimbe unaotokana nalo ni mmoja wa zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kasi hiyo ina faida yake, ingawa mzazi anayemtazama mtoto akivimba hawezi kuiona. Dawa za saratani hushambulia zaidi seli zinazogawanyika upesi. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, kwa hivyo Burkitt alijaribu dawa, huku Nairobi daktari mpasuaji Peter Clifford akifanya vivyo hivyo. Wapo watoto ambao uvimbe uliyeyuka kwa dozi moja au mbili, na baadhi yao walipona kabisa. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake. Leo dawa kama saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati hutumiwa kwa pamoja, na katika nchi tajiri watoto 9 hivi kati ya 10 wanapona. Huku kwetu idadi ni ndogo zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kukatiza matibabu safari na gharama zinapomlemea mzazi.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka wa 1966. Huko alijulikana kwa jambo tofauti kabisa, nyuzinyuzi katika chakula. Njia ilikuwa ile ile: barua kwa hospitali za misheni, maswali mafupi, hesabu za magonjwa yanayoonekana na yasiyoonekana. Alihoji kwa nini walaji wa unga wa dona, mtama na maharagwe hawakuwa na magonjwa ya utumbo yaliyowasumbua Waingereza, na hakuona haya kuonyesha picha za kinyesi kwenye mihadhara yake. Si kila alichodai kilithibitishwa, ingawa nafaka zisizokobolewa zinahusishwa leo na upungufu wa saratani ya utumbo mpana. Alifariki Machi 1993.

Ramani ya leo iko kwenye kompyuta

Alichofanya Burkitt kwa posta na pini leo ni taaluma kamili, ya kukusanya, kuhifadhi na kuchambua taarifa za afya kwa kompyuta. Kenya ina sajili za saratani za Eldoret na Nairobi zilizoanza miongo miwili iliyopita na zaidi, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya 2012 ndiyo iliyoweka msingi wa Taasisi ya Kitaifa ya Saratani. Ripoti za kila mwezi za vituo vya afya huingia katika mfumo wa kitaifa ulioenea nchi nzima tangu 2011. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt hupewa alama moja inayojulikana duniani kote, C83.7, ili asije akagawanywa tena katika mafaili ya taya, figo na ini.

Kompyuta, hata hivyo, haijui zaidi ya alichoambiwa karani. Chukua mtoto wa Busia anayetibiwa Nairobi. Mama amefikia kwa dada yake Kawangware, na anapoulizwa anakoishi anasema Kawangware. Kwenye ramani mtoto huyo anakuwa mgonjwa wa Nairobi, na Busia inaonekana kupungukiwa na mmoja. Wakirudia hilo watoto 10, anayepanga wapi pa kupeleka dawa na wataalamu anaona pengo mahali palipo na ugonjwa. Jina nalo lina mitego yake. Mwanamume aliyeandikwa Mohamed hospitali ya kwanza na Muhammad ya pili, huku tarehe ya kuzaliwa ikikisiwa, anaweza kuhesabiwa kama watu wawili. Ndiyo maana vituo huomba nambari ya kitambulisho, au ya cheti cha kuzaliwa kwa mtoto.

Wapo wanaoficha taarifa kwa kuogopa majirani kujua. Hofu hiyo ina msingi, na sheria inaitambua: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Anayezishika haruhusiwi kuzitoa kiholela, na mgonjwa ana haki ya kuuliza zinatumiwa kwa kazi gani na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa.

Ramani ya Burkitt inaweza pia kubadilika. Septemba 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto katika Kenya magharibi, uzinduzi ukifanyika Homa Bay. Pamoja na vyandarua, ndiyo njia iliyopo ya kupunguza malaria ya utotoni, na huenda ikapunguza uvimbe huu pia. Itajulikana tu iwapo kila mtoto atakayeugua ataandikwa mahali anapoishi kweli.

Dalili za kuangalia

Limfoma ya Burkitt huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 4 na 10. Haiambukizi kwa kucheza wala kula pamoja. Mara nyingi huanza kwa meno kulegea kabla ya wakati wake, na makosa mengi hutokea hapo, kwani jino hung'olewa na mtoto hurudishwa nyumbani. Dalili nyingine ni taya kuvimba bila maumivu makali, jicho kutokeza nje, tumbo kuvimba, au miguu kuishiwa nguvu ghafla.

Kwa ugonjwa unaoweza kukua maradufu kwa siku mbili, kusubiri siku ya kliniki ya mwezi ujao ni kuchelewa. Mtoto apelekwe siku hiyo hiyo kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au aonyeshwe kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, na mzazi aombe barua ya rufaa kwenda hospitali inayoweza kukata kipande cha uvimbe na kukipima. Abebe kijitabu cha kliniki cha mtoto na cheti cha kuzaliwa. Karani akiuliza kijiji, atajiwe kijiji ambamo mtoto hulala usiku mwingi, hata kama rufaa imempeleka kaunti nyingine.